Nusu ya Nyuma ya Bibi Maulida

Sogeeni, enyi wa Chanji na wa Kaoze, nanyi mnaoanika dagaa kule Kabwe. Uacheni ulezi ukauke wenyewe juani, mpate habari za Herieth binti Gaudensi, mhandisi wa mtandao, mpasua mafungu, aliyeigawa nchi ya anwani pasipo kumwaga hata tone la damu.

Kampuni yake, iliyouzia watu wa Sumbawanga intaneti, ilikuwa na fungu moja la anwani za intaneti, na laini mbili za kulifikia: moja ya Mbeya, moja ya Mpanda. Lakini dunia nzima iliipenda ya Mbeya. Kila picha na kila sauti ilijazana humo kama jeshi lililokuta daraja moja, huku laini ya Mpanda ikilala pana na tupu.

Alasiri moja mjukuu wa Bibi Maulida alikuwa akiolewa Muskati. Bibi, mama wa wenye malori, ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa safari ya ndege, aliketi mbele ya runinga katika hariri yake yote. Picha ilikuja, ikaganda. Bwana harusi alibaki amefumba jicho moja.

"Herieth," Azizi, mwanawe Bibi, alinena kwa simu, "shekhe ameshaketi. Mama akiikosa ndoa hii, mimi nahamia Kabwe nikavue. Mjini hapa hapatakalika."

Ndipo Herieth alipokunja mikono ya sweta, akaikabili kibodi, akalipasua fungu nusu kwa nusu. Fungu zima aliliacha litangazwe kwa dunia kupitia laini zote mbili. Nusu ya nyuma akaitangaza peke yake, kwa njia ya Mpanda. Maana ruta za dunia, mitambo inayoionyesha data njia, zina desturi moja: zikisikia matangazo mawili, hulifuata lile linalotaja eneo dogo zaidi, kama mgeni aliyeambiwa "Sumbawanga" na mmoja, na mwingine akamwambia "Chanji, nyuma ya msikiti".

Tangazo likavuka milima na bahari. Mpanda ikaamka. Bwana harusi hakufumbua jicho.

Herieth akachunguza, akaliona kosa, nalo lilikuwa lake. Hapo mwanzo aligawa anwani kwa heshima: wazee, msikiti, parokia na ofisi aliwaweka nusu ya mbele, nusu ya nyuma akawaachia vijana wachache wa gemu. Hivyo wakubwa wote walikuwa wamebanana njia ya Mbeya, na Bibi Maulida, kwa adabu, alikuwa na anwani ya kwanza kabisa.

Akaipanda pikipiki yake, akaupasua upepo wa Ufipa, akaingia sebuleni.

"Shikamoo, Bibi. Naomba nikuhamishie anwani yako nusu ya nyuma."

"Marahaba. Huko nyuma kuna nani?"

"Vijana, Bibi. Wacheza gemu."

"Mimi niliyemzaa Azizi," akasema Bibi taratibu, "niliyeozesha nusu ya mji huu, leo binti Gaudensi aniondoe safu ya mbele, tena siku ya harusi yangu mwenyewe."

Herieth akasimama wima kama mjumbe mbele ya malkia. "Katika harusi ulizosimamia, Bibi, nani huingia ukumbini mwisho?"

"Bibi harusi."

"Na njia yake huwaje?"

"Hufagiliwa. Watu hupisha."

"Basi njia ya Mpanda imefagiliwa. Inakungoja wewe."

Bibi akaunyoosha mtandio wake. "Kumbe miaka yote mlinipanga foleni na wapishi. Nihamishe."

Ruta ya nyumbani ikazima taa zake, ikaziwasha tena. Bwana harusi akafumbua jicho, na sauti yake ikafika nzima: "Nimekubali kumuoa."

"Ana masikio makubwa," akasema Bibi, akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Vizuri. Atasikia akiambiwa."

Kufikia magharibi, imamu, parokia na ofisi ya kata walikuwa wamekwisha kupiga simu, kila mmoja akidai nyuma.

Na ijulikane vizazi hata vizazi: alasiri ile kila ruta kuu duniani, ya Tokyo na ya São Paulo, iliongeza mstari mmoja, wa ile nusu ya nyuma, katika jedwali lake la njia, isijue sababu. Sababu ni Bibi Maulida wa Chanji, naye amesema mstari huo usifutwe.