Sauti Yangu Isikatwe!

Jumamosi, 4 Oktoba 2025
Wimbo umetoka! Gravy County, kikundi cha mwanangu Sebastian kule Atlanta, kimerudi baada ya miaka ya kununiana. Jina ni kama kusema Wilaya ya Mchuzi. Sikuulizwa. Lakini nani anaufungua wimbo? Mimi! Ule ujumbe wa sauti niliomtumia walipogombana, akajifungia ndani: "Seba, umekula? Mbona hupokei simu ya mama yako? Mungu anakuona!" Ndipo ngoma zinaingia. Nimeupiga kwenye lifti, jengo zima hapa mtaani kwetu Dixon likasikia. Jirani yangu Pulchérie akasema, Mama Seba, sauti yako iko muzuri, lakini ile makelele ya nyuma ni ya nini? Makelele! Wivu tu. Mtoto wa kwake anaimba kwaya, tena safu ya nyuma.

Jumapili, 5 Oktoba
Nimeupeleka kanisani, saa ya chai. Sauti yangu ikapita, akina mama vigelegele. Ikaja zamu ya Frank, mwenzake Seba kikundini. Vijana wanaojua Kiingereza wakaziba midomo. Mchungaji akachomoa waya. Eti matusi! Nikamwambia hiyo ni lafudhi ya kusini, ya kule Atlanta. Nabii hana heshima kwao, imeandikwa.

Jumatatu, 6 Oktoba
Binti yangu Anastasia amenisomea maoni ya wasikilizaji. Wengine wanalia kwa furaha, Kusini kumerudi, besi ni ile ile. Wengine wanasema wamezeeka, wakalale. Hayo yao. Ila mmoja kaandika: mtoeni huyo bibi anayefoka mwanzoni. Na watu wamempongeza! Bibi! Mimi, ambaye Seba na dada yake wamegoma kunipa hata mjukuu mmoja! Tena sikufoka. Niliuliza kama amekula.
Halafu Seba kapiga simu. Frank anataka sauti yangu ikatwe kabla wimbo haujaenda redioni. Wanaamua Jumatano. Huyo Frank alinyonya kwa mama yake kweli?

Jumanne, 7 Oktoba
Nimefungua akaunti. Jina Brice, kijana wa Atlanta. Nikaandika: "Bwana Yesu asifiwe, wapendwa wasikilizaji. Mimi ni mzima. Yule mama bado mbichi na sauti yake ni ya malaika. Anayempinga ana mapepo." Nimetumia Kiswahili, wasije wakanitambua.
Jioni wamenitambua. Watanzania wa Houston wamejipanga wanamwamkia Brice: shikamoo mama! Anastasia kacheka mpaka kakaa sakafuni. Mtoto niliyemzaa!

Jumatano, 8 Oktoba
Seba kapiga tena. Nikajiandaa kugomba. Akasema siku zile alizojifungia, kila asubuhi alikuwa anausikiliza ule ujumbe wangu ndipo anaamka. Ndiyo maana kauweka. Nikalia, ila sikumwonyesha. Nikasingizia vitunguu.
Kisha akasema Frank kakubali libaki neno moja, "umekula", mradi nisiwaandikie wasikilizaji tena. Neno moja! Nilibeba mimba miezi tisa kwa ajili ya neno moja? Nikaapa, basi, mwanangu apate usingizi.
Na kiapo ni kiapo. Simwandikii msikilizaji yeyote. Lakini mama yake Frank si msikilizaji. Seba mwenyewe alisema mama huyo akisikia tu ngoma za kikundi chao anazima redio. Namba yake nimeshaipata. Kiingereza changu kinatosha kumweleza mwanamke mwenzangu kwamba mtoto wake hana adabu.
Simu inaita.