Lori la Alois Halijakauka

Jumatatu, 1 Agosti 1955

Nimeanza lori. Si la kuendesha. Mshahara wa karani wa mizigo hapa stesheni ya Tabora haununui hata honi ya lori. Hili ni dogo, la mbao na bati, inchi moja kwa kila futi mbili. Ni mfano kamili wa lile ambalo kaka yangu Alois aliliendesha miaka yote akileta pamba kutoka kwetu Bukene. Sasa amelazwa hospitali ya Kitete, anaumwa kifua. Lori litamfurahisha. Pia litashinda kwenye maonyesho ya kazi za mikono, Jumamosi ya wiki ijayo. Sijaamua lipi kati ya hayo nilitaje kwanza kwa watu.

Josepha mke wangu ameuliza kwa nini makopo yote ya samaki yametoweka jikoni. Nikamwambia ni kwa ajili ya mgonjwa.

Jumatano, 3 Agosti

Nimekwenda hospitali na penseli. Nikamwuliza Alois boneti lilikuwa na matundu mangapi ya hewa, na turubai lilifungwa kwa kamba upande gani. Alijibu yote polepole, akivuta pumzi katikati. Alipofika kwenye gia akatabasamu, akasema ile ya pili ilikuwa haiingii mpaka uitukane kidogo.

Halafu akaniomba nimpeleke Bukene akamwone mama. Daktari amekubali, mradi asafiri amelala. Mimi mtu wa stesheni, nafasi ya kulala kwenye treni siwezi kuikosa. Nikamwambia tutakwenda maonyesho yakipita.

"Mdogo wangu, hayawezi kupita bila wewe?"

Nikamweleza habari ya rangi, kwamba lazima ipakwe mara tatu. Akageukia ukutani. Nadhani alichoka.

Nimefika nyumbani nikakumbuka sikuuliza rangi ya milango. Nimerudi mbio. Muuguzi akasema mgonjwa huyu ana bahati, nduguye anakuja mara mbili kwa siku moja.

Ijumaa, 5 Agosti

Matairi yamepatikana. Nimeyakata kwenye visigino vya katambuga za Josepha, ambazo zenyewe zilikatwa kwenye tairi la lori. Raba imerudi kwenye kazi yake. Josepha hakuliona jambo hilo kwa macho yangu. Amekwenda sokoni akitembea kama anayepanda mlima.

Kioo cha mbele: nimechukua kile cha picha yetu ya harusi. Kilipasuka. Nikakata tena, kikapasuka tena. Kipande cha mwisho kimekaa vizuri sana. Picha nimeirudisha ukutani bila kioo. Kwa mbali huwezi kujua. Josepha alisimama karibu.

Jumatatu, 8 Agosti

Habari mbaya. Jirani yetu, mwalimu Sylvester, naye ana gari. Nilikwenda kwake kwa kisingizio cha kuomba chumvi nikaliona mezani. Gari dogo la kifahari, la kijani. Lilikuja kwenye boksi kutoka Uingereza, vipande vimekwisha tengenezwa, pamoja na gundi yake kwenye kichupa. Yeye ameunganisha tu na kupaka rangi. Milango inafunguka. Milango ya lori langu haifunguki.

Nikamsifu. Nikasahau chumvi.

Jumanne, 9 Agosti

Mpango. Nimekwenda kwa katibu wa maonyesho, bwana Yahaya, nikamweleza kwa upole kwamba kuna watu wanaoleta vitu vya dukani na kuviita kazi ya mikono yao. Sikumtaja mtu. Nilisema tu ni mwalimu, ana gari la kijani, anakaa jirani na mimi. Yahaya akashukuru.

Kufika jioni Sylvester alikuwa ameondolewa kwenye maonyesho. Nilitegemea atakuja kugombana, nikawa nimejiandaa. Amekuja kweli, lakini na ile gundi yake. Akasema yeye haihitaji tena, labda itanifaa. Akaongeza kwamba kwa kuwa sasa ana nafasi, atakuwa anapita Kitete kumsomea Alois gazeti.

Gundi inashika vizuri mno. Inaniudhi.

Jumatano, 10 Agosti

Nimempelekea Alois lori likiwa bado bati tupu. Alilipokea kwa mikono miwili. Akalisukuma juu ya blanketi, akapandisha goti moja likawa kilima, akalivusha. Alipiga honi kwa mdomo mpaka akakohoa. Wagonjwa wengine walicheka naye.

"Hili limetosha," alisema. "Niachie."

Haiwezekani, nikamwambia. Halina rangi, halina namba, na vumbi la wodini litaharibu msasa niliopiga. Nikalitoa mikononi mwake taratibu, maana bampa ilikuwa haijashika. Akaniangalia hadi mlangoni.

Nje nikakutana na Sylvester anaingia. Akasema ana ruhusa shuleni. Kama nikimpatia nafasi ya kulala kwenye treni ya kesho, atamfikisha Alois Bukene mwenyewe na kumkabidhi kwa mama. Nikamjibu kwamba hilo ni jambo la familia. Yaani apeleke yeye, halafu mimi nibaki kuitwa nani?

Alhamisi, 11 Agosti

Rangi ya kwanza imekauka. Ya pili imekanyagwa na kuku. Alitembea kuanzia kwenye boneti hadi nyuma kwenye mzigo, akashukia mkiani. Nimepiga msasa upya siku nzima. Treni ya Mwanza, ile inayopitia Bukene, imepita ikipiga filimbi nikiwa nimeshika brashi.

Josepha ameniambia Alois ananiulizia. Nikasema asubuhi. Nikampa maagizo amwulize kaka kama namba iliandikwa kwa rangi nyeupe au ya maziwa.

Amekwenda peke yake. Amerudi bila jibu. Anasema hakuuliza.

Jumamosi, 13 Agosti

Maonyesho. Nimeamka mapema, nikalibeba lori juu ya mto wa kulalia. Lilikuwa zuri. Sikuwahi kutengeneza kitu kizuri namna ile, na nadhani sitatengeneza tena. Watu waliinama kulitazama. Mzee mmoja dereva akasema, hili si la Alois?

Wa kwanza ni Eustadia, mjane mmoja wa Bukene, kwa kikapu. Wa pili kikapu pia. Mimi wa tatu. Majaji walisema rangi ilikuwa mbichi. Mmoja wao aliweka kidole.

Sylvester alikuja uwanjani akinitafuta kati ya watu. Alinishika mkono. Nikajua.

Nilikwenda Kitete na lori chini ya kwapa. Alois alikuwa amekwisha funikwa. Muuguzi akaniambia alikwenda taratibu, mwalimu akiwa amemshika mkono. Mkono wa pili ulikuwa na lile gari la kijani. Sylvester alimpa juzi, abaki nalo.

Nililitazama gari lile kwa muda mrefu. Mlango mmoja umekaa upande.

Jumanne, 16 Agosti, Bukene

Tulimleta kwa treni Jumapili. Nafasi nilipata bila taabu. Tumemzika jana pembeni mwa baba. Sylvester alichimba kaburi pamoja na wanaume wa hapa mpaka malengelenge yakamtoka. Josepha amelala kwa mama, hasemi nami sana.

Lori nimemwonyesha mama. Alilipapasa pande zote, akauliza Alois aliliona? Nikasema aliliona kabla ya rangi.

Leo matanga yameanuliwa. Watu wametawanyika. Mama ameniketisha karibu naye akasema macho yake yanaingia ukungu, mwaka huu yameanza hata kumpotezea njia ya kisimani. Anataka nikae naye wiki chache, nimsimulie tu, tuonane wakati bado anaona. Ruhusa stesheni wamenipa.

Nimemwambia siwezi kukaa sasa hivi. Nimepata wazo njiani. Nitatengeneza behewa lililomleta Alois, lenye madirisha yake yote na viti vya mbao ndani. Behewa ni kazi kubwa kuliko lori, na kwenye maonyesho ya mwakani kazi za bati zitakuwa nyingi. Nitamletea likiwa limekamilika.

Mama akasema, "Nitakuwa sioni, Justus."

Nikamwambia asihofu. Rangi safari hii nitaipaka mara mbili tu.