Malalamiko Juu ya Babu Aliyebadili Jina kwa Nusu Gunia

Kwa Bibi Ishbel Rankine,
Mtafiti wa Nasaba.

YAH: NASABA MBOVU ULIYONILETEA

Bibi mheshimiwa,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima, na sababu ni wewe. Nilikuomba unitafutie asili ya jina letu, MacIlvarra, ili niizuie harusi ya binti yangu Seonaid, anayeolewa Jumamosi na Ruaridh, mtoto wa jirani yangu Lachlan Dungarth. Akina Dungarth walichoma ghala letu mwaka 1603, na sisi hatusahau. Badala ya ushahidi umeniletea balaa. Nalalamika hivi:

1. Nilikuagiza asili, sikukuagiza ukweli. Watu wote hapa bondeni wakitafutiwa babu wanapata chifu, au angalau mwizi wa ng'ombe aliyenyongwa kwa heshima zake. Mimi umenipa Donnchadh, Dungarth wa kuzaliwa, aliyebadili jina mwaka wa njaa kwa sababu chifu wa MacIlvarra alikuwa akigawa unga wa shayiri kwa kila mwanamume atakayekubali kujiita mtu wake.

2. Wenzake walipewa gunia zima. Yeye nusu, na daftari la chifu linaeleza: "kwa kuwa ni mfupi." Hili nalo lilikuwa na haja gani kuandikwa?

3. Miaka thelathini na moja sijamsalimu Lachlan. Nimepita mlangoni kwake theluji ikinifika magotini, nikakaza shingo. Kumbe nami ni Dungarth, na ghala tulilichoma sisi wenyewe! Nani atanirudishia miaka yangu ya kununa?

4. Bahasha yako niliifungua kwenye chakula alichoandaa mke wangu Una ili familia mbili zipatane. Nilitaka kuwaumbua akina Dungarth, nikasoma kwa sauti kabla ya kuipitia. Kosa langu, nakubali. Una alicheka mpaka akashika mbavu: "Haya, mzee, anza kujinunia mwenyewe!" Kesho yake Lachlan akachungulia juu ya ua: "Umeamkaje, binamu?" Binamu, jamani! Seonaid peke yake hakucheka. Aliniuliza polepole, "Kwa hiyo, baba, utanipeleka kanisani au nimwombe mjomba?" Iliniuma, Bibi, na bado inaniuma.

5. Sasa ombi langu. Kama mimi ni MacIlvarra, harusi hii ni ya maadui, isifungwe. Kama ni Dungarth, kama unavyong'ang'ania, basi bwana na bibi harusi ni ndugu wa damu tangu miaka mia nne, isifungwe vilevile. Andika lolote kati ya hayo mawili, gonga muhuri, nilipate kabla ya Ijumaa.

Nisalimie wote hapo ofisini, hata huyo aliyekuonyesha daftari la chifu.

Wako kwa hasira na adabu,
Torquil, wa jina lenye mashaka.

N.B. Usitume kitu. Nimetoka sasa hivi kujaribu kilti, ile sketi ya wanaume yenye rangi za ukoo, ya akina Dungarth niliyoazima kwa Lachlan. Inanibana tumbo. Seonaid alipokuwa akinifunga mkanda alilia, nami nikasingizia vumbi. Jumamosi nampeleka kanisani mwenyewe. Ukija kugundua kwamba ulikosea, na kwamba mimi ni MacIlvarra halisi, nakusihi, Bibi, usimwambie mtu.