Kadi ya Miguu Miwili

Jumatatu, 10 Februari

Barua kutoka kwa mwalimu wa chekechea. Ijumaa ni Siku ya Wapendanao. Kila mtoto atatengeneza kadi moja na kumpa mtu mmoja anayempenda, mbele ya wazazi wote. Mmoja tu! Mwaka jana Kidoti, binti yangu mkubwa, alimpa muuza maziwa. Nilikuwa nimeshanyoosha mikono. Mtaa mzima ulicheka, nami nikacheka nao, lakini niliumia jamani. Mwaka huu mdogo wake, Kifaranga, naye kaanza chekechea. Watoto wawili, kadi mbili. Moja itakuwa yangu, liwalo na liwe.

Mpinzani: shemeji, kaka wa mke wangu. Fundi umeme. Hana mtoto, hana haya. Kila jioni anakuja kuwarusha wanangu juu mpaka wanakaribia dari.

Jumanne, 11 Februari

Mpango wa kwanza: pipi. Tatu kwa Kidoti, tatu kwa Kifaranga. Nikauliza kwa upole nani anampenda nani. Kidoti akasema anapenda pipi. Kifaranga akatapikia suruali ya mteja niliyokwisha kuishona na kuipiga pasi. Mke wangu akasema mapenzi hayalazimishwi, niwaache watoto wa watu. Watoto wa watu! Wa nani?

Jumatano, 12 Februari

Mpango wa pili, wa kifundi hasa. Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapa hapa sebuleni. Nitawashonea magauni yenye moyo mwekundu kifuani. Shemeji naye ajaribu kushona kwa bisibisi yake!

Tatizo ni wao wenyewe. Kila jioni hujibanza chini ya meza ya cherehani, wakiokota pini kwa sumaku na kuimba nikikanyaga pedali. Leo nimewafukuza wasije wakaona siri. Kidoti aliuliza wamekosa nini. Nikamwambia baba ana kazi. Wakaenda kwa mjomba wao, akawarusha. Vicheko nilivisikia vyote.

Alhamisi, 13 Februari

Magauni tayari! Mioyo nimeikata kwenye mabaki ya mahameli nyekundu ya gauni ninalomshonea mkunga wa mtaa. Mchana mkunga akaja kulijaribu. Mkono wa kulia upo. Wa kushoto hauonekani. Lahaula! Kumbe yale hayakuwa mabaki. Nikamwambia ni mtindo mpya. Akasema amezalisha nusu ya mtaa huu, na mtindo wa mkono mmoja hajauona kwa yeyote.

Nimebandua mioyo yote nikaiunga iwe mkono. Magauni ya watoto yamebaki na vitobo vya sindano. Jioni walisimama mlangoni na sumaku yao. Nikawaambia kesho.

Ijumaa, 14 Februari

Saa tatu asubuhi, chekechea. Viatu tukaviacha mlangoni, tukaketi mkekani. Kifaranga akaenda moja kwa moja kwa mjomba wake. Shemeji akainua ile kadi kama kombe, mtu mzima hovyo!

Kidoti akasimama, akatazama huku na huku. Muuza maziwa alikuwepo, sijui nani alimwalika. Kidoti akaja kwangu!

Nikafungua. Hakuna uso. Miguu miwili tu juu ya pedali, kidole gumba kinachungulia kwenye soksi iliyotoboka. Nikajua mtoto kakosea mtu, nikamwambia kwa uchungu ampelekee mwenyewe. Akasema mwenyewe ndiye mimi. Baba akionwa kutoka chini ya meza yuko hivyo, na pale ndipo anapompenda zaidi. Watu wote wakatazama miguu yangu. Nami nikatazama. Soksi ile ile, kidole kile kile. Fundi mzima! Kweli mganga hajigangi.

Nililia mbele ya muuza maziwa. Sijali.

Jumamosi, 15 Februari

Kadi nimeitundika ukutani juu ya cherehani. Mke wangu anataka kuishona ile soksi. Nimemkataza, ni ushahidi.

Lakini kadi ya Kifaranga shemeji kaibandika kwenye pikipiki yake, anapita nayo mtaani akipiga honi. Haiwezekani! Mwaka kesho nachukua zote mbili. Nimeshaanza: kofia mbili zenye masikio ya sungura. Siri kubwa.

Jioni hii watoto wamekuja na sumaku yao, wakajibanza chini ya meza. Nimewaambia watoke kwanza, baba ana kazi.