Koku wa Evodius kwenye Maonyesho

Jumatatu mchana, mgahawani kwa Alnashir nyuma ya stesheni ya Stratford, huku ughaibuni, Ulimboka alikuwa amelikunjua lile gazeti la bure la kwenye treni. Ulimboka ni dereva wa basi, na kwa kuwa hajawahi kufika mahali kwa wakati, tunamwita Spidi.

"Isikilizeni nchi hii," alisema. "Banda la kuku limefunguliwa tena kwenye maonyesho ya kilimo. Mwaka jana lilifungwa kwa ajili ya mafua ya ndege. Watu wamepanga foleni tangu asubuhi. Foleni, jamani, kwenda kumtazama kuku."

"Na kiingilio wanalipa," alisema Alnashir kutoka kaunta. Aliondoka Tanga akiwa kijana, lakini Kiswahili chake bado kinakaa mtaani kwao Ngamiani.

"Maonyesho ya Nane Nane kule kwetu unaona trekta, unaona ng'ombe wa maziwa, unakula mishikaki, unarudi," Spidi aliendelea. "Kuku si tunao nyumbani, wanatunyea barazani?"

Sote tukamgeukia Evodius. Evodius wa Bukoba ni msimamizi wa wafagiaji hapo stesheni. Nyuma ya nyumba yake kule Leyton ana kuku sita, na maonyesho hayo hakosi. Jina lake hapa kijiweni ni Bwana Mifugo. Siku nyingine likitajwa neno kuku anatupa semina. Leo alikuwa anaikoroga chai aliyokwisha kuikoroga.

"Bwana Mifugo, juzi si ulienda?" aliuliza Spidi.

"Nilienda."

"Afadhali. Maana mwaka juzi ulituambia treni imefutwa."

Gaudensia akacheka peke yake. Yeye ni nesi, jirani yake Evodius, na Jumamosi alikuwa ofu, wakaenda pamoja. "Kaka Evo, wasimulie. Au niwasimulie mimi?"

Evodius akaweka kijiko chini. "Treni haikufutwa. Mwaka juzi nilimpeleka Koku kushindana."

"Kuku?"

"Koku. Nimempa jina la shangazi yangu, shingo zao ni moja. Nilimwogesha kwa shampuu ya mke wangu Anastasia, nikamkausha kwa mashine yake ya nywele. Anastasia mpaka leo hajanisamehe. Tukafika. Akaja jaji, mama mtu mzima mwenye koti jeupe, akainua bawa. Akamwita mwenzake. Wakamwita wa tatu."

"Kulikuwa na nini?"

"Utitiri."

Alnashir akazima redio.

"Wakaniambia nimtoe bandani pale pale, asije kuwaambukiza wenzake. Watu wakanipisha njia. Mwenye bata akamfunika bata wake kwa koti. Spidi, ni kama mwanao kurudishwa shule kwa ajili ya chawa, na wazazi wote wamesimama getini. Nikapanda treni na boksi mapajani, saa mbili nzima, najikuna mpaka Stratford."

Nilimsubiri Spidi aangue kicheko, hakucheka. "Sasa kwa nini hukutuambia?"

"Nikuambie wewe? Ungetangaza kila kituo."

"Hilo kweli," alisema Spidi.

Evodius akaendelea. Banda la zamani alilichoma moto, akajenga jipya, akapaka chokaa. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa akimshika Koku na kumpaka dawa ya unga, unyoya kwa unyoya. Mashine ya kukaushia nywele alinunua yake mwenyewe.

"Na juzi jaji ni nani?" alisema. "Yule yule mama."

"Hapo ngoja nimalizie mimi, maana wewe ulikuwa umefumba macho," alisema Gaudensia. "Kaka Evo ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mimi kila siku nashikwa mkono na watu wanaoingia kupasuliwa, mshiko ule sijauona. Mama akainua bawa, akapuliza manyoya, akatazama. Akapuliza tena. Halafu akamwambia, wewe ni yule wa mwaka juzi. Kaka Evo akaitikia ndiyo. Mama akasema, wengi hawarudi."

"Ikawaje?"

"Nafasi ya pili."

"Kati ya kuku wangapi?" aliuliza Spidi. "Isije ikawa wawili."

"Kumi na mmoja. Niliwahesabu."

"Na wa kwanza?"

"Wa mama mmoja wa Kent," alisema Evodius. "Alimpaka mafuta miguuni, ikawa inang'aa."

"Mafuta gani?" Spidi aliuliza upesi mno kwa mtu asiyejali kuku.

Evodius akatoa kadi ya ushindi kwenye mfuko wa ndani wa koti. Ikapita mkono kwa mkono. Zamu ya Spidi ilipofika, alifuta vidole kwenye suruali kwanza, akaisoma taratibu midomo ikicheza, akairudisha kwa mikono miwili.

"Hongera, kaka," alisema. Akavuta kiti karibu. "Mimi nipo ghorofa ya saba, lakini kibaraza ninacho."

"Spidi, hapana," alisema Gaudensia.

Alnashir akapotelea jikoni, akarudi na sufuria kubwa. "Leo hakuna bili. Tunamsherehekea Koku." Akaiweka katikati ya meza, akafunua kifuniko.

Kuku wa nazi.

Alnashir akabaki na kifuniko mkononi, uso umemshuka. "Evo ndugu yangu, wallahi sikufikiri. Nilimpika tangu asubuhi."

Evodius akainama juu ya sufuria. Akaligeuza paja kwa kijiko, akalitazama upande huu na upande ule, kwa makini ya jaji.

"Huyu simfahamu," alisema, akavuta sahani.