Nilivyojifungia Ngomeni

Jumatatu, 9 Juni
Nimempata Idarus mjini, mtaa wa Luthuli, akiuza kompyuta dukani kwake. Amenenepa. Nimefurahi. Tukiwa chuoni tulishindana sana kwenye Ngome, mchezo wa kompyuta wa kuwindana kwa bunduki vyumbani. Picha zake zilikuwa za pande tatu, ajabu ya siku zile. Amesema bado anao, na Jumamosi amewaalika dukani wachezaji wa zamani wote. Akauliza kama vidole vyangu bado vinafanya kazi. Nimemwambia aniandalie kiti.

Nyumbani Kinoo nimemkumbusha mke wangu, Njambi, kwamba aliolewa na bingwa. Amesema yeye ndiye aliyekuwa akiketi nyuma yangu enzi hizo, na hakumbuki hivyo. Watu husahau.

Jumatano, 11 Juni
Nimeupakia mchezo kwenye kompyuta ya ofisi, Parklands. Kidogo tu, kuta zikaanza kuzunguka, na tumbo nalo. Nikafumba jicho moja. Afadhali. Shida ni kwamba nikikata kona mchezoni, mwili mzima unakata kona kitini. Bi Phoebe, mkubwa wangu, amenikuta nimelalia upande mmoja, jicho limefumbwa, jasho linatiririka. Ameuliza kama ni kiharusi. Nimejibu ni shingo. Amenipeleka hospitali mwenyewe kwa gari lake. Nimerudi na kola ya shingo, ya kuvaa wiki nzima.

Ijumaa, 13 Juni
Nikikimbia mchezoni nasikia kutapika. Basi sitakimbia. Nimekumbuka chumba cha siri nyuma ya ukuta wa ghala, chenye bunduki kubwa kuliko zote. Nitajificha humo wamalizane, kisha nitoke nimmalize atakayebaki. Mpango safi. Njambi ameomba kuja. Nimemwambia aje ajionee.

Jumamosi, 14 Juni
Niliingia chumba cha siri bila kuonekana. Bunduki ipo. Mlango ukajifunga. Kitufe cha kuufungua nilikuwa nimekisahau. Nikabonyeza vyote. Kimoja kilinirusha juu, kingine kikanichuchumaza. Huko nje, milipuko na vicheko.

"Thuo, uko wapi bwana?" Idarus akauliza.

Nikamjibu niko kazini.

Mchezaji mmoja hakuwa amefika, kwa hivyo Njambi alikuwa amepewa kiti chake. Akawaangusha wote, Idarus wa mwisho, penye kisima cha mchezoni. Kisha akaja moja kwa moja hadi kwenye ukuta wangu, akaufungua kama kabati la jikoni.

"Baba Waringa, kumbe uko huku," akasema, akanipiga risasi.

Duka zima lilisimama kumpigia makofi. Nilitaka kuinamisha kichwa. Kola ilikataa.

Jumapili, 15 Juni
Nimetafakari wakati wa mahubiri. Mpango haukuwa na kasoro. Kitufe ndicho kilichoniangusha.

Njambi amealikwa kucheza tena. Nimejitolea kuwa kocha wake. Amesema anachohitaji ni mtu wa kumletea chai na kunyamaza. Nimekubali. Kocha yeyote wa maana hukaa karibu na mchezaji.

Nimemtumia Idarus ujumbe kwamba tuko tayari, na safari hii hatutamhurumia.