Mteja Mpya ni Mama Mkwe

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mke wangu amepata kazi ya kushona sare za shule ya chekechea. Shule nzima! Hajawahi kupata kazi kubwa hivi. Ila anahitaji cherehani ya ovaloki, ile inayofunga kingo za kitambaa zisifumuke nyuzi. Mwalimu mkuu kamwambia wazi: shule ikifunguliwa Jumatatu ya tarehe 17 na sare hazipo, kazi inakwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Yule mwenye kioo kikubwa na mdomo mkubwa zaidi.

Alitaka aende mwenyewe kwa muuza vyerehani pale sokoni. Nikamzuia. Nikamwambia siku hizi mtu mwenye akili zake hununua mtandaoni. Akanitazama weee. Mwishowe akanikabidhi akiba yake yote, akasema niagize leo leo, na tafadhali nisimfanyie yale ya pasi.

Yale ya pasi! Mtu hasahau? Niliipata mtandaoni kwa bei ya kutupa, ikaja pasi ya wanasesere. Inafaa kunyooshea kola ya panya. Yamepita.

Leo sikuagiza. Nina sababu. Kazini kwangu, kliniki ya meno, mimi ndiye karani wa mapokezi, na chumba cha nyuma yupo fundi wa meno bandia, bingwa wa kujisifu. Amenionyesha kiprogramu kinachokaa pembeni ya kivinjari, kina picha ya ndege wa kijani. Ukitaka kununua kitu, Ndege anakutafutia kuponi za punguzo, na baada ya kununua anakurudishia sehemu ya pesa yako. Fundi anasema viatu alivyovaa ni kama aliviokota.

Nimemweka Ndege kwenye kompyuta ya mapokezi. Akanikonyeza. Fundi akashangilia kuliko nilivyotarajia, kisha nikaona kwenye simu yake kwamba hupewa zawadi kwa kila anayemwingiza. Nyoka yule!

Nyumbani mke wangu akauliza kama nimeagiza. Nikasema ndiyo. Limenitoka tu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku ya mateso. Nimeweka cherehani kwenye kapu la duka la mtandaoni, nikamwita Ndege. Akaanza kujaribu kuponi moja moja mbele ya macho yangu. Ya sikukuu, imekwisha muda. Ya wanafunzi, haikubaliki. Ya wapenzi wa mbwa! Haikubaliki. Mgonjwa mwenye shavu lililovimba amesimama dirishani ananitazama kwa jicho moja, la pili limezibwa na shavu. Nikamwambia mtandao uko chini. Akaguna. Sijui lilikuwa jino au tusi.

Ndege akamaliza. Hakuna kuponi hata moja. Akasema pole, nijaribu tena kesho. Chini yake yakatokea maandishi mekundu: zimebaki cherehani nne.

Nilitakiwa kununua palepale. Najua. Lakini mtu umeshasumbuka hivyo ulipe bei kamili, si utakuwa umemwonea Ndege bure? Nikasubiri hadi baada ya chai. Zimebaki tatu, na bei imepanda.

Nyumbani nimemkuta mke wangu amekata vitambaa vyote, vimepangwa kwenye kochi hadi pa kukaa hakuna. Mashati madogo yasiyo na kingo. Akauliza inafika lini. Nikasema wakati wowote. Mama mkwe, tunayeishi naye tangu mwaka jana, akainua macho kutoka kwenye redio yake. Mama yule hana haja ya maneno.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

NIMEAGIZA!

Acha niandike ilivyokuwa. Asubuhi Ndege alitoa habari njema: ukinunua leo unarudishiwa robo ya bei. Robo nzima! Kisha maandishi madogo: kwa wateja wapya pekee. Mimi si mpya. Kwa sababu ya pasi. Pasi ile itanifuata hadi kaburini.

Fundi wa meno akanicheka, akasema watu wazima huweka jina la mtu mwingine wa nyumbani. Nikawaza. Mke wangu? Nimeshamwambia nimeagiza. Nani mwingine? Nani duniani hajawahi kununua chochote mtandaoni, wala hatanunua, na ana jina safi kama sahani ya mgeni?

Saa ya mapumziko nikakimbia nyumbani. Shikamoo mama. Nikamwomba simu yake nimfutie meseji za takataka. Akanipa, huku ananitazama mikono. Nikageukia dirishani. Kwenye simu yangu nikaandika jina lake kamili, yote matatu, na namba yake. Tarakimu za uthibitisho zikaingia, simu ikalia mlio kama mbuzi aliyekanyagwa. Nilikaribia kuitupa dirishani! Akauliza ni nani. Nikasema takataka, mama, ndiyo hizo ninazofuta. Akaniombea dua kwa kumsaidia. Hiyo dua imenichoma zaidi.

Nikarudi kazini mbio, nikalipa. Zilikuwa zimebaki mbili. Ndege akapiga mbawa, akaandika kwamba marejesho yangu yanasubiri uthibitisho. Tajiri mtarajiwa ndiye mimi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sikufikiria jambo moja. Duka linamwandikia mteja. Na mteja ni mama mkwe.

Mezani leo amevaa miwani, akatusomea kwa sauti: ndugu mteja, tunakushukuru, mzigo wako unaandaliwa. Akashusha simu. Akasema hao ndio matapeli wanaotajwa redioni kila siku. Wanajifanya wana mzigo wako, kisha wanakuomba kitambulisho, kisha wanachukua nyumba. Mke wangu akasema kweli mama, uwe macho. Chai ikanipalia, nikakohoa hadi machozi.

Nikajaribu kumshauri azime simu, betri inachoka. Akasema akizima, dada yake atampataje? Nikashauri basi asisome meseji. Akasema atasoma zote, ili akiwakamata ajue cha kusema.

Nikaingia chooni kusoma masharti ya duka, ambayo mtu husoma akiwa amekwisha. Mzigo hukabidhiwa mwenye jina pekee, kwa kuonyesha kitambulisho. Ukikataliwa, unarudi dukani.

Vipi kama ningemwambia mke wangu ukweli sasa hivi? Nimelifikiria hilo. Nikatoka, nikamtazama anavyopanga yale mashati madogo kwa saizi, anaimba kwa sauti ya chini. Nikashindwa. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imefika ukutani na bado nasukuma.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mzigo unakuja kesho. Lazima nimdake mleta mizigo njiani kabla hajafika mlangoni, nimwambie mimi ni mtoto wa mwenye jina, na mama ana miguu mibovu. Ninachohitaji ni ruhusa ya siku moja tu.

Dokta wetu hatoi ruhusa. Ni mama mmoja mfupi, mkali, anasema anayetaka kupumzika akapumzike akistaafu. Ruhusa ni kwa ugonjwa peke yake. Basi nikaugua.

Kuna magonjwa mangapi ulimwenguni? Mgongo. Tumbo. Kizunguzungu. Nilikuwa na hofu, mdomo ukakimbilia ulichozoea kusikia kutwa nzima. Nikasema jino.

Kwa daktari wa meno!

Uso wake ukalainika, sijawahi kumwona hivyo. Akasema maskini, kumbe umevumilia kimya kimya. Kesho asubuhi wewe ndiye wa kwanza kitini, bure, ni haki yako kama mfanyakazi.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Siwezi kuongea, kwa hiyo naandika.

Nilipanga kukaa kitini, kufungua mdomo, kuambiwa jino zima, kuondoka. Dokta akachungulia. Akanyamaza. Kunyamaza kwa daktari kunatisha kuliko sindano. Akasema nilichelewa sana kusema, gego limeoza hadi mzizi. Nina jino bovu kweli! Hata uongo wangu una bahati mbaya. Nikataka kuinuka, fundi wa meno akaja kunishika mabega, eti kunitia moyo. Sindano. Ganzi. Koleo.

Simu ikaita mfukoni. Niliweka namba yangu kama ya pili kwa mleta mizigo. Nikapokea nikiwa na pamba mdomoni. Akasema yuko nje ya nyumba, mama mmoja hataki kufungua, afanyeje? Nikasema asubiri, nakuja, ni mama yangu. Kilichotoka ni aaawuuu aaawuuu. Akasema hana muda wa walevi asubuhi yote hii. Akakata.

Nilitoka na taulo la kliniki bado shingoni. Nilikimbia, damu inanichuruzika kidevuni, watu wananipisha njia. Nikafika, hakuna gari. Mlangoni amesimama mama mkwe na fagio, amenyooka kama askari.

Mke wangu aliporudi kutoka kutafuta vifungo, mama mkwe akasimulia jioni nzima. Tapeli kaja mchana kweupe na boksi kubwa, analijua jina lake lote, anataka kitambulisho. Akamwambia ng'o! Akampiga fagio la mguu, boksi likarudishwa garini. Mke wangu alicheka hadi akajishika mbavu. Kisha akauliza, kwa mzaha tu, tapeli alisema boksi lina nini.

Mama mkwe akasema eti cherehani.

Mke wangu akaacha kucheka. Akageuka polepole akanitazama, mimi na shavu langu. Nikafungua mdomo. Aaawuuu. Basi nikaandika kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo, yote, Ndege na robo ya bei na mteja mpya. Akasoma. Hakupiga kelele. Akaikunja ile karatasi vizuri, akaanza kukusanya mashati kutoka kwenye kochi, moja moja, kama mtu anayeanua nguo kabla ya mvua. Nimemwogopa mwanamke huyu miaka yote, lakini leo nimeogopa kwamba atalia. Akaenda chumbani.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Ndege ameandika: marejesho yamefutwa kwa sababu mzigo umerudishwa. Akaweka picha ya ndege analia. Mimi nilie, yeye alie, nani atamfariji mwenzake?

Nikawaandikia duka nirudishiwe pesa. Mashine ikajibu: tumefurahi kusikia kutoka kwako. Nikaandika tena. Ikafurahi tena. Nikawapigia. Muziki. Muziki. Hatimaye mtu! Akasema wanazungumza na mwenye akaunti peke yake.

Mwenye akaunti alikuwa anasikiliza redio. Nilipiga magoti. Kweli, kwenye sakafu, shavu limevimba kama la yule mgonjwa. Nikamweleza. Mama mkwe akazima redio, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akasema: kumbe tapeli nilikuwa namlisha humu humu ndani! Kisha akanyoosha mkono apewe simu.

Sitaandika aliyowaambia. Mtu wa duka alianza kwa kusema ndugu mteja, akamalizia kwa shikamoo mama. Kabla ya jioni pesa ikaingia kwenye simu yake. Nikanyoosha mkono. Akaniruka kama dimbwi, akampelekea binti yake chumbani.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mke wangu alikwenda sokoni kwa miguu alfajiri. Amerudi na ovaloki. Bei ilikuwa chini ya ile ya mtandaoni, na muuzaji akamwongezea nyuzi za bure na mafuta ya mashine. Aliniambia hayo bila kunitazama. Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu juzi. Nimeyapokea kwa shukrani.

Sasa anashona bila kupumzika. Mimi nakata nyuzi na kupiga pasi. Pasi ya kawaida.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Imekwisha! Sare zimekunjwa, zimefungwa, kesho shule inafunguliwa. Zimebaki fulana chache za michezo anazimalizia sasa hivi sebuleni, ovaloki inanguruma vizuri kabisa. Mchana aliniletea chai ya vuguvugu kwa ajili ya fizi yangu. Akanigusa shavu, akasema mimi ni mjinga wake. Wake! Mama mkwe aliguna, lakini aliguna kwa amani. Nilikaribia kulia.

Nimeapa. Tamaa mbele, mauti nyuma. Nimekaa chumbani na kompyuta ya nyumbani, kwa kuwa nilimwingiza Ndege humu pia, nimwondoe moja kwa moja. Nikabonyeza ondoa.

Akauliza kama kweli naondoka. Akasema ana zawadi ya kuagana. Nyuzi za ovaloki, katoni nzima, unarudishiwa NUSU ya bei. Nyuzi mke wangu atahitaji kila siku. Hii si tamaa, haya ni matunzo. Kwa wateja wapya pekee, sawa, tumeelewana. Mimi nina pasi. Mama mkwe keshatumika.

Ila mke wangu hajawahi kununua kitu mtandaoni hata siku moja. Jina lake ni safi kabisa.

Nimeandika jina. Nimeandika namba. Nimebonyeza tuma. Kimebaki kitu kidogo tu, zile tarakimu za uthibitisho, zinakuja kwa simu. Simu yake iko wapi?

Iko mezani sebuleni, kando ya mkasi wake.

Nimesikia mlio.

Ovaloki imenyamaza.